Majani Meupe ya Barking

Siku Kalpana alipomwambia mkubwa wa miti kwamba picha zake hazifai, mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi. Wala hakukusudia kusema. Alikuwa akifuta meza ya yule bwana kama alivyoifuta kila asubuhi kabla makarani hawajaingia. Akakuta picha za miti zimetandazwa juu yake, zote zimepigwa jua likitazamana na kamera, miti imetoka myeusi tititi kama magogo yaliyoungua. Mdomo ukamponyoka.

“Aliyepiga hizi alisimama upande mbaya wa jua,” alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Bwana James alikuwa nyuma yake, anavua koti. Alikuwa mtu mrefu, skafu haimtoki shingoni, na katika ofisi ya bustani za kaunsili, halmashauri ya mji, yeye ndiye aliyeamua mti gani ukatwe na upi uachwe. Alisogea mezani, akazitazama picha, kisha akamtazama Kalpana kama vile kiti ndicho kilichosema.

“Unajua mambo ya picha wewe?”

“Miaka kumi na minane. Zanzibar. Mume wangu alikuwa na studio, lakini harusi za wanawake nilikuwa napiga mimi.”

Na ilikuwa kweli. Kule kwao, mkusanyiko wa wanawake siku ya harusi mwanamume haingii, hata awe na kamera ya dhahabu. Kwa hiyo Harish, mumewe, alipiga picha za bwana harusi nje, na Kalpana akaingia ndani na kamera yake ya miguu mitatu. Vibao vya filamu vikimwishia, hakuwa na haja ya kurudi dukani. Alimtafuta mwanamke mwenye buibui zito, akakaa naye chini, buibui likafunikwa juu ya mikono yake mara mbili, na ndani ya kiza kile akabadilisha filamu kwa vidole tu, huku ngoma inalia na wanawake wanamtania. Hakuharibu hata moja. Mji mzima ukamjua kwa jina la Kalpana wa Picha. Sasa ilikuwa mwaka 1972, wa nne tangu wafike London, na tangu hapo hakuna aliyemwita mpiga picha. Alikuwa mama wa usafi, basi.

Bwana James akakaa. Akamweleza kwamba miti iitwayo elmu inakufa nchi nzima kwa ugonjwa, na mpaka jicho lione jani limenyauka, mti wenyewe umeshakwenda. Alitaka kila mti upigwe mara mbili: mara moja kwa filamu ya rangi, mara ya pili kwa filamu ya infraredi, ambayo inaona mwanga usioonekana na macho ya watu. Kwenye filamu hiyo jani zima hutoka jeupe, hata kama kwa macho yetu ni la kijani, la manjano au jekundu. Jani linaloanza kuugua huenda likatoka la kijivu. Ndivyo alivyotarajia. Mpiga picha wake ndiye huyo aliyeharibu, na mwingine kutoka mjini alikuwa anakuja Ijumaa saa tisa alasiri kutia saini mkataba.

“Leo Jumatatu,” akasema Bwana James. “Bustani ya Barking ina elmu kumi na mbili kwenye njia ya katikati. Niletee kila mti mara mbili kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Zikinipendeza, nitakuandika wewe. Zisiponipendeza, sote tutakuwa tumejaribu.”

Akafungua saraka, akampa mkebe mmoja wa filamu ya rangi na miwili ya infraredi, na karatasi ya maelekezo. “Hizi mbili ndizo za mwisho nilizonazo. Tafadhali.”

Kalpana alishuka ngazi akizishika zile filamu ndani ya mfuko wa aproni kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye basi hakukaa. Viti vilikuwa vitupu, yeye amesimama.

Nyumba yao ilikuwa Stratford, ndogo, na wiki hiyo ilikuwa imejaa. Gurmit, fundi seremala wa Kisingasinga, alikuwa ameingia juzi tu kutoka Kampala na mke na watoto watatu, miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa na serikali ya kule, na Harish akasema hawezi kumwacha mtu aliyemtengenezea milango ya studio Zanzibar, kabla hajahamia Kampala, akalale kambi ya wakimbizi. Basi chumba cha mbele kilikuwa cha kina Gurmit, na masanduku yao yakasongwa kwenye kabati la chini ya ngazi mpaka mlango haufungi.

Harish alirudi kazini na sare yake ya kondakta wa basi, akaelezwa habari. Akasikiliza mpaka mwisho, akanywa chai, akaweka kikombe.

“Filamu inayoona kisichoonekana,” akasema. “Ina maana huyo bwana wa kaunsili hajapata mganga?”

“Niazime kamera.”

“Ni kamera yako na yangu. Lakini mimi ndiye niliyesomea.”

“Wewe ulisomea, mimi nilipiga. Iko wapi?”

Akaitoa kabatini, imefungwa kwenye fulana. Kalpana akasoma karatasi ya maelekezo neno kwa neno, kidole kikitembea. Weka kioo chekundu mbele ya lenzi. Lenga kama kawaida, halafu sogeza lenzi mpaka kwenye alama nyekundu. Akageuza kamera, na kweli palikuwa na kidoti chekundu, kidogo kama punje ya ufuta, pembeni ya namba. Miaka yote wameiona na hakuna aliyejua kazi yake.

“Mimi nilidhani ni urembo,” Harish akakiri, naye akainama kuangalia. Hapo Kalpana akajua kwamba mume wake ameshaingia ndani ya jambo hili, akitaka asitake.

Karatasi ilisema na neno jingine: filamu ifunguliwe na kuwekwa kwenye kamera ndani ya kiza kitupu. Kalpana alilisoma hilo akatabasamu. Kwa kiza hakuna wa kumfundisha.

Jumanne mawingu yalitanda kutwa. Jumatano jua likatoka, kali na la baridi, na Kalpana akapiga hodi nyumba ya tatu kwa Mardhiya.

Mardhiya alikuwa Mzanzibari wa mtaa wa Malindi, sasa mpishi katika jiko la hospitali, na Jumatano ndiyo siku yake ya kupumzika. Harusi yake ilipigwa na Kalpana. Alikuwa bado anavaa buibui lake kila atokapo, akapachika koti la sufu juu yake, na ukimwona kwa mbali alikuwa kama amiri jeshi.

“Nakutaka wewe na buibui lako,” Kalpana akamwambia.

“Wallahi miaka kumi hii sijaambiwa hivyo,” Mardhiya akasema, akaenda kuchukua viatu.

Walipoingia bustanini Kalpana alisimama. Alikuwa amepita pale mara nyingi na mfuko wa mboga, macho chini. Leo aliinua uso. Elmu kumi na mbili, sita huku na sita huku, zote zimegeuka rangi ya manjano, na si manjano moja. Mti mmoja ulikuwa kama bizari mbichi, mwingine kama samli iliyoyeyuka, na nyuma yao miti mingine midogo imewaka nyekundu kama pilipili iliyoanikwa. Chini hakuna majani mabichi wala ardhi, ni zulia tupu, na jua likipita katikati kila kitu kinang’aa mpaka uso wa Mardhiya ukawa wa dhahabu.

“Mungu wangu,” Mardhiya akasema polepole. “Na miti hii inakufa?”

“Inageuka tu. Masika yao yakirudi itachipua. Ila kama imo inayoumwa, ndiyo tunaitafuta.”

Akaanza kazi. Mikono ilikumbuka yenyewe. Aliweka jua nyuma ya bega lake la kushoto, akahesabu hatua ishirini kutoka kila shina, na kila aliposimama Mardhiya akachora alama kwa chaki kwenye njia ili warudi papo hapo kwa filamu ya pili. Mwenye mbwa akapita, akauliza wanafanya nini. Mardhiya akamjibu kwamba ni watu wa kaunsili, kwa sauti iliyomfanya yule mtu amsogeze mbwa wake pembeni. Kalpana alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi aupige mti wa nne mara ya pili.

Filamu ya rangi ilipokwisha, wakakaa kwenye benchi. Kamera ni moja, na kwenda nyumbani na kurudi ni zaidi ya saa nzima kwa basi, jua la Oktoba halingoji. Kwa hiyo Mardhiya akavua koti, akakunjua buibui, Kalpana akatia mikono ndani na kamera na mkebe wa infraredi, buibui likafunikwa juu mara mbili.

“Wakumbuka harusi ya Suad?” Mardhiya akasema. “Ulijifunika kwenye buibui la bibi yangu, akasinzia, ukashindwa kutoka.”

“Usinichekeshe, vidole havina macho.”

“Mie nakaa kama kuku anayeatamia, na wazungu wananipita.”

Klik. Kifuniko kikafunga. Kalpana akatoa mikono, safi kabisa, kwa muda ule ule wa zamani. Akaweka kioo chekundu, akasogeza lenzi kwenye kidoti, akarudi kwenye chaki ya kwanza. Akapiga yote kumi na mbili, na kila akibonyeza moyo wake ulikuwa unaruka, maana anapiga kitu ambacho hakioni. Mwisho zikabaki picha chache, Mardhiya akasema haiwezekani atembee kutwa asiingie kwenye mafaili ya serikali, akasimama chini ya mti wa kumi na mbili na buibui lake, kidevu juu. Kalpana akampiga mbili. Filamu ikaisha.

Wakarudi. Filamu ya rangi Harish aliichukua kwenda nayo zamu, aipeleke kwa msafishaji mjini, ambaye aliahidi Ijumaa asubuhi. Infraredi hakuna duka lililokubali kuigusa. Hiyo Kalpana aliisafisha mwenyewe bafuni alasiri ile, na dawa zile zile alizozijua, Mardhiya mlangoni akiwazuia watoto wa Gurmit wasiingie.

Aliitoa ndani ya maji, akaiinua kwenye dirisha.

Filamu ilikuwa nyeusi. Nyeusi kutoka mwanzo, kama utepe wa msibani. Mtu wa picha anajua maana yake: mwanga umeingia, umekula kila kitu. Miti kumi na mbili haikuwapo. Mwishoni kabisa, pale filamu inapokaa ndani zaidi ya mkebe, ndipo weusi ulipofifia, na vikaonekana vivuli viwili vidogo vya mtu chini ya mti.

Kalpana akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Mardhiya akachungulia.

“Ndivyo inavyotakiwa?”

“Hapana, shoga. Imeungua.”

Chini mtoto wa Gurmit alikuwa anaburuta kitu. Kalpana alikuwa anajiuliza kosa liko wapi, na kila alipoirudia kazi yake kichwani, hatua kwa hatua, hakuliona. Na mkebe uliobaki ni mmoja. Akiutia kwenye kamera bila kujua kosa, utaungua na huo, na Ijumaa saa tisa mtu wa mjini atatia saini.

“Hebu zitoe hizo mbili,” Mardhiya akasema. “Angalau nijione.”

Kalpana hakuwa na moyo, lakini mikono ilitaka kazi. Akaziba dirisha la bafu kwa blanketi, akawasha taa nyekundu, akaweka karatasi kwenye dawa. Wakainama juu ya sinia, vichwa vinagusana. Picha ikaanza kuja, kwanza anga, nyeusi kama wino. Halafu mti, na wote wawili wakavuta pumzi, maana majani yalikuwa meupe, meupe kama pamba iliyopasuka, kila jani peke yake, mti mzima umesimama kwenye anga nyeusi kama umevikwa shela.

“Yaa Latif,” Mardhiya akanong’ona.

Halafu akaja Mardhiya mwenyewe. Uso mweupe laini kama wa mwanasesere, macho meusi, na mwili wote, kuanzia kichwani mpaka miguuni, umevaa nguo nyeupe.

Mardhiya akasogeza uso mpaka pua ikakaribia dawa.

“Nani huyu?”

“Wewe.”

“Mie nilivaa jeusi. Hili hapa bado nimelivaa. Umenipeleka Makka bila nauli?”

Kalpana alikuwa akicheka, kisha akaacha. Akaitazama picha. Akalitazama buibui la Mardhiya, jeusi tii mbele yake, lenye mkunjo wa chuma cha pasi. Akalishika upindo, akausugua kwa vidole kama anayenunua nguo.

“Mardhiya,” akasema. “Buibui lako ni jeusi kwa nani?”

“Kwa watu wote.”

“Kwa filamu hii si jeusi. Imeliona jeupe. Mwanga ule inaouona yenyewe hauzuiliwi na rangi hii, unarudi, unapita, unafanya unavyotaka. Mimi nimekaa kwenye benchi saa saba mchana, nikajidanganya nimo kizani. Kwa filamu hii buibui lako ni pazia la wavu. Nimeivua nguo hadharani.”

Mardhiya akajitazama kutoka juu mpaka chini, kwa hofu kidogo. “Na watu je? Nao wanaona?”

“Watu hawaoni, usiwe na wasiwasi. Ni filamu tu.”

“Basi filamu hiyo haina adabu,” Mardhiya akasema, na Kalpana akamkumbatia, dawa zikawadondokea wote wawili, maana kosa limepatikana. Kosa lililopatikana ni nusu ya picha. Akajisikia mwepesi kama msichana.

Usiku ule redio ilisema upepo mkubwa unakuja kutoka magharibi Alhamisi. Harish alisikia, akaweka kijiko chini. “Ukivuma huo, Ijumaa hapana majani,” akasema. Hakuongeza kejeli yoyote. Asubuhi Kalpana aliamka akamkuta amevaa suruali ya nyumbani. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake.

“Kiza kiko wapi?” Harish akauliza. “Si cha nguo. Cha mbao na chokaa.”

Wakatazamana, wote wawili wakageuka kuangalia kabati la chini ya ngazi.

Gurmit aliitwa kutoka chumba cha mbele, kilemba hakijakaza sawasawa. Akaelezwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, kimepinda lakini kinafika.

“Dada nataka ingia hapa? Hapa iko masanduku yangu.”

“Nataka niingie, nifunge, nisione hata mkono wangu.”

Gurmit akapiga magoti, akaufunga mlango wa kabati, akasukuma jicho kwenye ufa. Uso wake, ambao tangu Kampala ulikuwa umekunjamana, ukafunguka. Hatimaye mtu amempa kazi anayoijua.

“Huyu mlango mbaya sana. Nani fundi? Hapana fundi, huyu. Ngoja mimi.”

Masanduku yakatoka, yakajaa ukumbini, mke wa Gurmit akakaa juu ya moja akimenya vitunguu. Gurmit akapigilia kipande cha mbao juu ya mlango, akatia gundi ya kuzibia vioo vya madirisha kwenye kila ufa, akatandika godoro chini pale ubao wa sakafu ulipoachana. Kisha akaingia mwenyewe, akafungiwa, akahesabu mpaka mia mbili kwa sauti. Mwishoni akapiga kelele kutoka ndani, “Mimi siko! Sioni mimi!” na nyumba nzima ikacheka.

Kalpana akaingia na kamera na mkebe wa mwisho. Kulikuwa na harufu ya gundi na ya ngozi ya masanduku. Alingoja kwanza, macho wazi, atafute hata uzi wa mwanga. Haukuwapo. Ndipo akavunja karatasi ya mkebe. Vidole vikaenda taratibu. Akaona kwamba anapumua kwa nguvu, akajituliza, akakaza matundu ya filamu kwenye meno ya gurudumu, akafunga kifuniko, akakisukuma tena kuhakikisha. Alipotoka ilikuwa saa nne na nusu, na kwenye kioo cha mlango wa mbele jani moja limenata, limebandikwa na upepo.

Walikwenda wao wawili, yeye na Harish, Mardhiya yuko kazini. Bustani ilikuwa imebadilika. Upepo ulikuwa unaipiga miti kwa zamu, na kila ukipiga kundi la majani linapaa, linazunguka, linakwenda zake. Chaki za Mardhiya zilikuwa zimefunikwa, Harish akawa anafagia njia kwa kiatu, akiita, “Hapa! Ya kwanza iko hapa!” Kalpana akasimama juu ya alama, jua bega la kushoto.

Mti ulikuwa unayumba. Akibonyeza sasa, kila jani litatoka ukungu. Akangoja. Upepo nao una pumzi kama mtu, ukivuta hunyamaza kidogo kabla ya kusukuma tena. Akaisikiliza pumzi hiyo, kidole juu ya kitufe. Ikanyamaza. Klik. Mti wa pili. Akangoja. Klik. Alipofika mti wa tano alikuwa anaukimbilia upepo badala ya kuukimbia, shali imemwanguka, nywele usoni, anacheka peke yake. Harish mbele anafagia, anapiga hesabu, na watoto wawili wa shule waliokuwa wamesimama kutazama wakaanza kufagia naye.

Mti wa saba aliupiga mara mbili. Hakujua kwa nini. Ulikuwa na manjano sawasawa na wenzake, lakini upepo ulipounyanyua tawi lake la juu halikuunguruma kama mengine. Lilitoa mlio mkavu.

Walipomaliza wa kumi na mbili mawingu yalikuwa yamelifikia jua. Nyuma yao miti ya manjano ilikuwa imeshaanza kuonyesha matawi matupu.

Kabati likatumika tena kutoa filamu. Kisha bafu. Harish alisimama mlangoni na saa yake ya kondakta, akitaja dakika, mikono nyuma. Kalpana alijua vile vidole vinawasha. Alimpa nafasi, akageuza kichwa.

“Njoo uitikise basi.”

“Hapana,” akasema Harish. “Hii kazi yako. Dakika ya saba.”

Filamu ikatoka ndani ya maji, ikainuliwa dirishani, na kutoka mwanzo mpaka mwisho ilikuwa safi, fremu moja moja, kumi na tatu, zimepangika kama madirisha ya treni. Kalpana hakupiga kelele. Aliegemea ukuta akashuka taratibu mpaka chini, na Harish akaketi naye kwenye sakafu yenye maji.

Ijumaa saa tano na robo asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Bwana James, safari hii bila kitambaa. Alizipanga mbili mbili, za rangi kushoto, zimetoka kwa msafishaji asubuhi hiyo, nyeupe kulia, alizozichapa mwenyewe usiku. Akamwambia wazi kwamba za rangi ni za Jumatano na hizi ni za jana, saa zile zile, mahali pale pale, maana filamu ya kwanza aliiharibu kwa kosa lake. Bwana James aliitika bila kuinua kichwa. Akatembea kwenye safu ile polepole, akiinama, skafu inagusa meza. Kalpana alikuwa anasikia saa ya ukutani.

Kwenye mti wa saba akasimama. Akazichukua picha zote tatu, akazipeleka dirishani.

Kwa rangi mti ule ulikuwa wa dhahabu kama wenzake. Kwa infraredi ulikuwa mweupe, isipokuwa tawi moja la juu upande wa kulia, ambalo lilikuwa la kijivu, kama mtu amelipitishia kidole chenye majivu.

“Huenda ni dawa haikusambaa,” akasema Bwana James.

“Niliupiga mara mbili. Tazama ya pili. Ni pale pale.”

Akatazama ya pili. Kisha akachukua koti lake na mkasi mrefu wa matawi uliokuwa nyuma ya mlango, akamwambia, “Twende.”

Bustanini upepo ulikuwa umefanya kazi yake usiku kucha. Miti ilikuwa karibu mitupu, na mtu yeyote ambaye angekuja siku ile na kamera angepiga vijiti. Bwana James akanyoosha mkasi, akakata kijiti cha tawi la juu kulia la mti wa saba, kikaanguka miguuni mwao. Akatoa kisu, akabandua ganda. Chini ya ganda, kwenye mbao nyeupe ya ndani, kulikuwa na mistari ya kahawia, mirefu, myembamba, kama iliyochorwa kwa kalamu. Akakata kijiti kutoka upande wa kushoto, akabandua. Kilikuwa safi.

Akamwonyesha vyote viwili.

“Ugonjwa umeingia juzi juzi,” akasema. “Mti huu tukilikata tawi lote leo, labda tunauokoa. Mimi nimepita chini yake kila wiki na sikuona kitu.”

“Na mimi sikuona,” Kalpana akasema. “Nilisikia tu, kisha nikaupiga.”

Bwana James akakunja kisu. Akatazama saa yake, akatazama upande wa ofisi. “Nitampigia simu yule bwana wa mjini asihangaike kuja.” Akahesabu kwa vidole. “Bustani zetu ni kumi na nne. Mbili bado zina majani, ziko bondeni, upepo haujazifikia vizuri. Lakini majani hayo hayatafika Jumatatu.”

Kalpana alikuwa ameshaitoa kamera begani.

“Mkebe utaupata wapi?” akauliza. “Na gari lako limeegeshwa upande gani?”